Ukuta Aliokula Mama

Katika nyumba hii ya Mlandege ninamokaa na wanangu yuko mpangaji mmoja, binti mdogo mwenye ujauzito wa kwanza. Jioni huketi kizingitini akatafuna udongo anaoununua sokoni, ule uliofinyangwa mfano wa vidole na kukaushwa juani. Juzi mvua ya kwanza ilipolipiga vumbi la uani, harufu ya ardhi iliyolowa ikachanganyika na mlio wa meno yake, nami nikasimama katikati ya uwanja na sufuria mkononi, nisijue nilikokuwa nakwenda. Nilimwambia autupe. Akacheka, akasema, "Bibi, ni hamu tu, itapita."  Nilimwita mjukuu wangu, nikamwamuru alete kalamu. Kwa maana mimi sikupelekwa shule, na wala sitafuti kuhurumiwa kwa hilo. Mimi ninayo maneno, yeye anao mkono. Nimemwonya asipunguze wala asipambe. Nasema na watu wa rika langu, ambao hawatahitaji kuelezwa ukungu ni nini wala mkwe ni nani.

Nilizaliwa kwenye miteremko iliyo juu ya Tukuyu, upande wa Mbeya, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi. Nyumba yetu ilikuwa ya mianzi iliyokandikwa udongo, kisha ikapakwa ule udongo mweupe wa mtoni. Aliyeikandika ni babu, mzazi wa baba yangu, kwa mikono yake mwenyewe, siku za ndoa ya mwanawe. Baba alikuwa Iringa, kwenye mashamba ya chai ya huko Mufindi, karibu na Igowole. Tulimwona kwa nadra, ila majani ya chai aliyotuletea hayakukatika. Nyumbani tulibaki mama, mimi, na shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye alikuwa mjane na mlinzi wa kila mwiko uliopata kutajwa katika ukoo wetu. Babu alikaa peke yake katika nyumba ya chini, ng'ambo ya migomba.

Na kwetu Unyakyusani, mkamwana hamwoni baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hamwiti, hasemi naye, hapiti njia anayoipita. Babu alipotaka kuja kwetu alikohoa tangu mgomba wa mwisho, na mama, hata kama chungu kilikuwa motoni, alijitanda kanga kichwani akakimbilia migombani mpaka mzee apite. Maneno yao yote yalipita kinywani mwangu.

"Mke wangu," babu alikuwa akiniita hivyo, kwa utani wa babu na mjukuu, "mwambie mama yako kuku wake wanakula mbegu zangu."

Mama alikuwa nyuma ya mgomba, karibu kabisa, anasikia kila neno. Hata hivyo nilikimbia. "Mama, babu anasema—"

"Nimesikia. Mwambie nitawafunga."

"Babu, mama anasema—"

"Nimesikia, sina uziwi. Mwambie awafunge leo, si Krismasi."

Nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele, nikipuliza maneno badala ya kuyasema, na babu alifurahia sana kunituma.

Sasa nieleze juu ya ukuta. Nyuma ya nyumba, kando ya dirisha la jiko, palikuwa na kishimo ambacho ngumi yangu iliweza kuingia. Nilidhani ni cha panya. Siku moja baada ya mvua nilimkuta mama amesimama pale, anakwangua kwa ukucha, anaweka ulimini, anafumba macho kama mtu anayesali.

"Mama, unakula nini?"

"Sili kitu."

"Nimeona."

"Basi umeona. Nenda ukachume mboga."

Tangu siku hiyo nilimlinda kwa macho. Kile kishimo kilikua. Na mama naye alikuwa akibadilika: alipopanda kutoka mtoni na ndoo ya maji alisimama mara kwa mara akiwa ameshika kifua, na mshipa wa shingo yake ukirukaruka kama chura aliyefungwa ndani ya kitambaa. Midomo yake ilipauka. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, weupe uleule wa udongo wa mtoni. Na tumbo lake lilikuwa likiinuka.

Zama zetu mtoto hakuambiwa kwamba mama yake ni mjamzito. Niliyoyaelewa niliyaelewa peke yangu, nayo ni haya. Majuma machache kabla, jirani yetu Mama Sekela alikuwa amefariki katika uzazi, nami nilisimama kati ya miguu ya watu wazima nikaona mazishi yake. Mchungaji alisema mtu ametoka mavumbini na mavumbini atarudi, kisha kila mmoja akatupa konzi moja ya udongo. Nikahitimisha kwamba mtu hufa pale anapojaa udongo. Wengine hujazwa na watu kwa siku moja. Wengine, kama mama, huanza kujijaza wenyewe, kidogo kidogo, na kwa hiari. Lile tumbo lilikuwa kaburi linaloinuka. Weupe wa viganja ulikuwa udongo uliofika kwenye ngozi. Usiku nilimwekea sikio mgongoni nikisikiliza kama umefika moyoni.

Nilifanya nililoliweza. Nilichukua mavi mabichi ya ng'ombe nikaziba kile kishimo, nikasawazisha vizuri kwa kiganja. Asubuhi nilisikia sauti ya mama nyuma ya nyumba.

"Nani amepaka mavi hapa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ili usile."

Alinitazama kwa muda mrefu, na sikujua kama angenipiga au angelia.  Alihamia upande wa pili wa dirisha.

Shangazi ndiye aliyempeleka zahanati, si kwa kumhurumia, bali kwa sababu mama alianguka njia ya mtoni na watu waliona. Nilifuatana nao. Nesi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kavu. Alifunua kope la mama la chini, akatazama. Akamwambia atoe ulimi, akatazama. Halafu akachukua kiganja cha mama akakiweka kando ya changu.

"Mnaona? Mtoto ana damu kuliko mama."

"Ni baridi tu," shangazi alisema.

"Si baridi. Damu yake imekuwa maji. Mama, unakula udongo?"

Mama alitazama sakafu. Mimi nikasema, "Anakula ukuta."

Nesi hakucheka. Alisema kuwa damu inahitaji madini ya chuma ili iwe damu, na kwamba ndani ya mama chuma hicho kilikuwa kimekwisha. Kuwa udongo unamdanganya, kwa maana unamtuliza hamu na papo hapo unakizuia hata kile kidogo kilichomo kwenye chakula kisiingie mwilini. Akauliza tunakula nini. Ndizi na maharage, mama alijibu, na chai ya rangi, kwa sababu baba wa watoto anatuletea.

"Chai saa ngapi?"

"Na chakula. Inatia nguvu."

"Inakunyang'anya nguvu. Majani hayo ya chai nayo yanakizuia chuma. Kunywa baadaye, chakula kikiwa kimeshuka. Kula majani ya maboga, kamulia limau. Kula nyama nyekundu. Kula maini, mama, maini hasa." Akafungua kabati la dawa, akalifunga. "Vidonge vya damu vimekwisha, na gari haliwezi kupanda mpaka barabara ikauke. Sitaki kukuficha. Ukijifungua ukiwa hivi, damu ikitoka kidogo tu, utaondoka."

Neno hilo nilikwenda nalo nyumbani kama mtu aliyebeba kaa la moto kiganjani. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimezaa na nimezalisha wakwe zangu, na manesi wa sehemu nyingi wamenieleza jambo lilelile kwa maneno yao: kwamba mwenye hamu ya udongo mara nyingi ni mwenye upungufu wa damu. Mwili wa mama ulijua unachokidai. Haukujua pa kukidai. Lakini wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba yako maini duniani na kwamba mama asipoyala atajaa.

Haukupita muda, ng'ombe mmoja wa babu aliteleza korongoni akavunjika mguu, ikabidi achinjwe. Harufu ya nyama ilipanda mpaka kwetu. Mama alikuwa anachambua maharage uani.

"Mama, tuombe maini."

"Maini ni fungu la babu yako na wazee wenzake. Sisi tutaletewa utumbo na miguu."

"Nesi amesema."

"Nesi si mkamwana wa mtu hapa. Fungu la mdomo wa baba mkwe haliingii mdomoni mwangu. Ni sawa na kumtazama usoni. Nyamaza, shangazi yako atakusikia."

Sikungoja shangazi anisikie. Niliteremka.

Wazee walikuwa wameketi kando ya zizi, kuzunguka moto, na maini yalikuwa yametoka kwenye makaa sasa hivi, mazima, juu ya jani la mgomba. Babu alikuwa anafuta kisu. Kwa desturi hakuna aliyeonja kabla yake.

"Mke wangu amekuja kudai fungu lake," alisema, wazee wakacheka.

"Babu, mama amejaa udongo."

Wakacheka zaidi. Mmoja wao, aliyekuwa na jino moja, akasema, "Mkamwana wangu mimi amejaa maneno. Tubadilishane?"

"Anakula ukuta," nikasema. Mapengo yangu yalikuwa yanapuliza kila neno. "Amefika kwenye mianzi."

Babu aliacha kufuta kisu. "Ukuta gani?"

"Wa nyumba. Ule uliokandika wewe. Hana damu. Nesi amesema asipokula maini, siku yake ikifika ataondoka kama Mama Sekela."

Hakuna aliyecheka tena. Babu aliwageukia wenzake. "Nani ameonja?"

"Tuonje vipi, na wewe hujaonja?"

Akayafunga maini katika jani, akachukua fimbo yake, akaanza kupanda. Nilimfuata mbiombio. Shangazi alikuwa anateremka kuchukua utumbo; alipomwona alisimama katikati ya njia.

"Baba, unakwenda wapi? Mke wa mwanao yuko uani!"

"Najua aliko."

"Basi kohoa akimbie!"

Alikohoa. Nilifika uani kwa wakati wa kumwona mama akiinuka, maharage yakimwagika kutoka mapajani, kanga ikipanda kichwani. Alipiga hatua kuelekea migombani, kisha magoti yakamkatika akaanguka pale pale penye uwazi, kati ya mafiga na migomba. Alijaribu kutambaa. Mikono haikumwinua. Alijifunika uso na kanga akajikunyata, na lile tumbo likabaki limeinuka upande, nami nikajua: udongo umejaa, hauwezi kubebeka tena.

Babu alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba. Aliuona mwanzo wa kanga tu, nadhani, maana aligeuka upesi akampa mgongo. Nilidhani anarudi kwake. Badala yake akaanza kuja kinyumenyume, mguu baada ya mguu, fimbo ikipapasa nyuma yake, na mkono wa pili ukiwa umeyashika maini mgongoni. Kuku walimkimbia.

"Mke wangu, niongoze."

"Kuna jiwe, babu."

"Upande upi?"

"Wa fimbo."

"Na sasa?"

"Bado. Bado. Simama."

Alisimama. Kisigino chake na pindo la kanga ya mama vilikuwa vinakaribia kugusana. Manyunyu yalikuwa yameanza.

"Mwambie mama yako maini haya hayajaguswa na mdomo wa mtu."

"Mama, babu anasema—"

Sauti ikatoka chini ya kanga. "Mwambie ni fungu lake."

"Mwambie fungu langu nalitoa nitakavyo."

"Mwambie watu watasema."

"Mwambie watu walisema mengi juu ya Mama Sekela, na hayakumwinua."

"Baba!" Shangazi alikuwa amefika, amejishika kichwa. "Mwiko, baba! Unamwona mkwe wako!"

"Nimemwona nani? Macho yangu yako huku, yanakuona wewe, na kwa kweli leo hupendezi." Kisha sauti yake ikabadilika, haikuwa tena ya utani, na ilitetemeka kwa kitu ambacho nilikiona ni hasira. "Mwambie mama yako ukuta ule niliukandika kwa mikono hii. Nilibeba udongo ule kutoka mtoni kwa mgongo. Sikuujenga uliwe. Akitaka kula nyumba yangu angoje nife kwanza. Sasa ale hiki. Sitatoka hapa mpaka nimsikie anatafuna."

Nilikuwa nimefungua kinywa kupeleka ujumbe, lakini ulikuwa mrefu. Hakuna aliyenisubiri. Babu aliweka lile jani chini, nyuma ya visigino vyake, akasimama wima kama nguzo. Manyunyu yakawa mvua. Maji yalimtiririka shingoni. Mama hakusogea. Shangazi alikuwa analia bila sauti, na sijui kama alimlilia mama au alikuwa anaulilia mwiko.

Kisha mkono ukatoka chini ya kanga. Mweupe, mwembamba, ukipapasa ardhi. Uliligusa jani, ukavunja kipande, ukarudi ndani.

"Anatafuna?" babu akauliza.

"Anatafuna, babu."

"Mwambie nasikia."

Tangu siku hiyo mambo yetu yalikwenda kwa amri. Kila siku ya gulio babu aliteremka mwenyewe, akarudi na kifurushi nilichokibeba mimi hatua za mwisho: maini yalipopatikana, nyama ilipopatikana, la sivyo maharage na majani ya maboga. Limau zilikaa dirishani. Majani ya chai ya baba yalifungiwa kwenye kopo, na mama alipewa kikombe chake chakula kikiwa kimeshuka. Babu aliukandika ule ukuta upya, huku mama akiwa amefichwa ndani, na kila alipokuwa mezani kwake aliniita kuniuliza kama umeguswa. Haukuguswa sana. Hamu ilikuwa inampungukia. Lakini nesi, alipomfunua kope tena, hakutabasamu. "Imepanda," alisema. "Haijafika."

Na siku ya kujifungua haikungoja damu ifike. Ilikuja mchana, katikati ya mvua, na barabara ilikuwa imemeguka, basi nesi akaja kwa miguu, mabuti ya mpira mkononi ili yasimkwamishe kwenye tope. Mlango ukafungwa. Mimi niliachwa chini ya ukingo wa paa. Shangazi alitoka na kuingia na maji ya moto, na safari moja alitoka na vitambaa, akavitupa kwenye beseni karibu nami. Nilivikodolea macho nikitafuta udongo. Vilikuwa vyekundu, na ule wekundu ulikuwa ukiendelea kutoka, maana alirudi na vingine, na vingine tena. Nikasikia sauti ya mtoto mchanga. Sikuielewa, hakuna mtoto aliyekuwa ameingia mle. Na baada ya sauti ile nilimsikia nesi tu. "Mama, usilale. Nitazame. Usilale." Kisha naye akanyamaza.

Babu alifika bila kukohoa. Nilikuwa sijapata kumwona akifika bila kukohoa. Koti lake lilikuwa limelowa, na alisimama mbele yangu akihema.

"Mke wangu. Mama yako yu hai?"

Nilifungua kinywa. Kinywa kilichobeba maneno yao yote, ya kuku na ya mbegu na ya maini, hakikuwa na kitu ndani yake.

"Nakuuliza. Yu hai?"

 Alimwita shangazi, shangazi hakutoka. Alipiga fimbo chini. Akausogelea ukuta, akauwekea kiganja, akainamisha kichwa kama ninavyomkumbuka akisikiliza mimba ya ng'ombe. Mvua ilikuwa inapiga migomba kwa nguvu hata nikadhani hatutasikia chochote tena.

"Namsikia mtoto," akasema, na hakuwa anasema nami. "Mama wa mtoto yuko wapi?"

 Halafu kutoka ndani, nyembamba kama uzi, bila kupita kwangu wala kwa mtu yeyote, ikaja sauti.

"Nipo, baba."

Fimbo ikaanguka. Babu yangu, mzee aliyeogopwa mteremko mzima, alivuta koti lake likamfunika kichwa na uso, akakimbilia migombani.